Screaming Frog SEO Spider: mkaguzi wa linki kwa tovuti ndogo ya safari

Ninasimamia tovuti ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, ya Kiswahili, kwa ajili ya Watanzania wanaotaka kupanda Kilimanjaro au kushuka kreta ya Ngorongoro. Washindani wetu wana miaka mingi mtandaoni na wanatajwa na kupewa linki na magazeti ya Ulaya. Linki za namna hiyo siwezi kuziagiza. Lakini linki za ndani ya tovuti yetu, na zile tunazowapa wengine, ziko mikononi mwangu zote, na kwa kuzikagua hizo sijaona programu inayoifikia Screaming Frog SEO Spider.

Ni programu ya Waingereza; hiyo SEO ni kazi ya kuifanya tovuti ionekane watu wanapotafuta kwenye Google. Unaipakua na kuiweka kwenye kompyuta, iwe ya Windows, Mac au Linux. Ukiipa anwani ya ukurasa wa mwanzo inafuata linki moja baada ya nyingine, inakuandikia kila anwani na jibu lake: 200 ukurasa upo, 301 umehamishwa, 404 haupo.

Programu za kutafuta linki zilizokufa ni nyingi, na nyingine ni za bure kabisa. Hii naipendea kichupo cha Inlinks, kilicho chini ya skrini. Chagua anwani yoyote, nacho kitakuonyesha kurasa zote zinazoielekea pamoja na maneno yaliyobeba linki. Hayo maneno ndiyo yaliyonipa kazi kuliko 404 zote. Ukurasa wetu wa njia ya Machame ulikuwa unaelekezwa kutoka kila kona, na karibu kote imeandikwa "bofya hapa" au "soma zaidi". Google hutumia maneno hayo kuelewa ukurasa unahusu nini. "Bofya hapa" haisemi chochote, si kwa Google wala kwa asiyeona anayesomewa skrini. Sasa imeandikwa "kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame", na linki za Marangu na Lemosho zimewekwa palepale msomaji anapolinganisha siku na ugumu wa njia.

Linki za nje zina kichupo chao, External, na hapo nakusihi usiwe na haraka ya kufuta. Jibu la 403 mara nyingi maana yake ni kwamba tovuti ile inazuia roboti, yaani programu kama hii, lakini mtu wa kawaida anaingia bila shida. Isipojibu kabisa, huenda seva yao ni nzito tu siku hiyo. Fungua kila moja kwenye kivinjari kwanza. Ukurasa wa viingilio vya hifadhi ni msaada kwa mgeni wako. Kuuondoa kwa sababu roboti ilikataliwa mlangoni ni kumnyima haki yake.

Kuna kitu ambacho haikioni yenyewe, nacho ni kikubwa. Kwa kuwa inatembea juu ya linki, ukurasa usioelekezwa na ukurasa wowote haiufikii. Ukurasa wetu wa hifadhi ya Mkomazi ulikuwa hivyo: umeandikwa vizuri, una picha za vifaru, na hakuna njia ya kuufikia. Niliugundua kwa kulinganisha orodha ya programu na ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloorodhesha kurasa zetu) kwenye Excel. Wenye leseni wanaweza kuunganisha Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na kuzipata kurasa yatima kama hizo humohumo.

Toleo la bure linaishia anwani 500. Usidhani ni kurasa 500, maana picha na mafaili ya mtindo (CSS) nayo yanahesabiwa, na tovuti ya safari imejaa picha. Tena huwezi kuhifadhi ukaguzi ukaufungua kesho, kwa hiyo toa orodha zako kabla ya kufunga. Leseni hulipwa kwa mwaka, na kwa ofisi changa hiyo ni hela ya kukaa na kupangia. Ukiwa na blogu ya makala chache, toleo la bure linakutosha. Ukiwa na duka la mtandaoni, au unasimamia tovuti za wateja, lipa.

Kuhusu nani anakupa linki kutoka nje, programu hii siyo mahali pake. Ripoti ya Links ndani ya Google Search Console ni ya bure na inakuonyesha tovuti zinazokuelekea, na kurasa zako zipi wanazipenda. Mimi huanzia huko: ukurasa unaopewa linki nyingi na wengine ndiko ninakotoa linki za ndani kwenda kwenye kurasa zetu mpya. Mkomazi sasa unaelekezwa kutoka ukurasa wa Serengeti.