Bucha ya kona Uyole: kwa nini nimeacha ile yenye bango la "imepimwa kichaa cha ng'ombe"

Habari zenu watu wa Mbeya. Leo naandika kuhusu bucha ya kona pale Uyole, ile ndogo yenye mlango wa bluu ukiwa unaelekea barabara ya Tukuyu, nimenunua hapo toka mwezi wa pili mpaka sasa karibu kila siku. Mi nauza supu na chapati stendi ya Nane Nane, mwaka wa 6 huu, kwa hiyo nyama kwangu ndo mtaji wenyewe, mteja mmoja akilalamika tumbo asubuhi basi kesho yake wote wako kwa jirani. Nawapa nyota 4 kati ya 5 na nitasema hiyo moja imekwenda wapi.

Ila siwezi kuwaeleza hawa bila kuwaeleza nilikotoka. Kabla yao nilikuwa nachukua kwenye bucha moja kubwa ya mjini, jina naliacha, vigae vyeupe ukutani, friji za vioo, na nje wamepiga bango kabisa NYAMA YETU IMEPIMWA MAGONJWA YOTE HADI KICHAA CHA NG'OMBE, yaani ule ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe unaoweza kumpata na mtu aliyemla. Kilo wananizidishia shilingi 2,000 kuliko wenzao nami nalipa kwa moyo mmoja, na wateja wangu nawaambia kuleni bila wasiwasi nyama hii imepimwa. Miezi 2 nzima.

Aliyeniamsha ni shemeji yangu. Alikuja likizo ya Krismasi, nikampa supu ya kichwa, akaniuliza nachukua wapi nikamwambia habari ya lile bango. Akaweka kijiko chini. "Shem, hiyo karatasi ya majibu ya kipimo umewahi kuiona?" Sikuwa nimeiona. Sasa yeye hii habari anaijua kwa sababu ilimgusa, alisoma Uingereza kuanzia 1992 mpaka 1995 halafu akahamia Marekani, siku kanisani kwao wamekuja kuchukua damu za kujitolea akapanga foleni na wenzake, akaulizwa maswali, akaambiwa hapana wewe damu yako hatuchukui. Kosa lake ni kwamba alikaa Uingereza miezi 3 au zaidi kati ya 1980 na 1996. Miaka ile nyama ya ng'ombe wagonjwa iliingia kwenye vyakula vya watu kule, na ugonjwa wenyewe kwa binadamu unakaa kimya miaka mingi na wakati ule hakukuwa na kipimo cha damu cha kuwachuja wachangiaji. Hilo katazo Marekani wamekuja kuliondoa 2022. Fikiria mtu mzima na afya yake anakataliwa kutoa damu miaka yote hiyo kwa sababu ya nyama aliyokula chuoni.

Nikarudi kule mjini kuuliza kwa adabu tu, jamani naomba kuona majibu. Kijana wa kukata akaniambia mama we nunua tu daktari anapima pale machinjioni. Nikauliza anapima na nini, sampuli inaenda maabara gani. Akaniangalia akamuita mwenzake, mwenzake akasema lile bango liliandikwa na mtu wa matangazo. Nilikasirika kwa kweli, sio kwa ile 2,000, nilikasirika kwa wale watu wangu wa stendi niliokuwa nawaambia imepimwa.

Maana kipimo cha huu ugonjwa sio kitu cha kusema tu mdomoni. Ng'ombe akiwa hai hakuna pa kumpima, damu yake haisemi, maziwa hayasemi. Mpaka achinjwe, kichwa kikatwe, halafu kwenye lile tundu la nyuma ya fuvu linapopita uti wa mgongo wanaingiza kifaa kama kijiko kirefu wanachota kipande cha shina la ubongo, hicho ndo kinaenda maabara, na nyama yote ya yule ng'ombe inasubiri kwenye chumba cha baridi na namba yake mpaka majibu yatoke. Ulaya kuanzia mwezi wa kwanza 2001 walikuwa wanampima hivyo kila ng'ombe wa kuliwa aliyezidi miezi 30. Japani walipopata ng'ombe wao wa kwanza 2001, mwezi wa 10 mwaka huo huo wakaanza kupima wote wanaochinjwa, wadogo kwa wakubwa. Sasa wewe bucha ya mjini Mbeya unayechinja usiku na saa 1 asubuhi nyama iko kwenye ndoano, hayo majibu umeyasubiri saa ngapi?

Na hata kikipimwa kweli bado kina kikomo chake. Ugonjwa unakaa kwenye ng'ombe miaka 4 mpaka 5 ndo dalili zitokee, na kipimo kinaukamata pale mwishoni tu, miezi michache kabla hajaanza kuyumba. Ng'ombe wa miaka 2 utampima na mara nyingi atatoka salama hata kama anao. Kuna kampuni moja ya nyama Marekani, Creekstone Farms, ilitaka kuwapima ng'ombe wake wote kwa pesa yake yenyewe ili ikauze Japani, Wizara ya Kilimo ya kule ikawakatalia, wakaenda mpaka mahakamani na 2008 wakashindwa. Hoja mojawapo ya serikali ilikuwa kwamba ng'ombe wanaochinjwa wengi ni wadogo kwa hiyo hilo neno imepimwa litawapa watu matumaini ambayo kipimo hakiwezi kuyabeba. Mi naona mwenye pesa yake angeachwa apime, lakini hiyo hoja ya matumaini imenikaa sana kichwani kwa sababu ndo nilichokuwa nawauzia watu stendi.

Haya sasa Uyole. Siku ya kwanza nimeingia pale kwenye mlango wa bluu nikamuuliza yule kijana swali lile lile, wewe nyama yako imepimwa kichaa cha ng'ombe? Akasema, "Shikamoo mama. Hapana, hicho sisi hatupimi, na sijui kama kuna mtu hapa mjini anapima. Mi nina muhuri wa mkaguzi tu, huu hapa. Kama una wasiwasi njoo kesho alfajiri machinjioni uangalie mwenyewe." Akageuza paja akanionyesha wino wa zambarau. Mtu anayesema hapana kwenye biashara yake mwenyewe mi nampa sikio.

Nikaenda. Saa 11 alfajiri, baridi ile ya Uyole inayoingia mpaka kwenye meno, bajaji ikaniacha getini. Siku ile walichinja ng'ombe 9, 7 wa Usangu wenye nundu zao, na majike 2 ya kisasa yametoka Rungwe, yale marefu meusi na meupe yaliyozeeka maziwa yamekwisha. Mkaguzi ni baba mmoja wa makamo, koti jeupe, gambuti, kisu chake mwenyewe na kinoleo kiunoni. Nimemfuata nyuma karibu saa nzima. Anachana nyama ya mashavu anaifungua kama kitabu anatafuta vijipunje vya tegu, ulimi anaukanda kwa vidole, moyo anaupasua, mapafu anayaminya kwanza halafu anakata tezi moja moja kuangalia kifua kikuu. Kwenye ini ndo alinimaliza. Alikata ile mirija ya nyongo akaminya kwa dole gumba, vikatoka vidudu bapa kama majani madogo, vinatembea. Mwenye ng'ombe akaanza kubembeleza, "Doktari kata hicho kipande tu, hili lingine zima, hasara yote hiyo jamani." Yule baba hakupandisha sauti hata kidogo, akalikatakata ini lote akalitupa shimoni, akaosha kisu, akaenda kwa ng'ombe mwingine.

Alipomaliza nikamsalimia vizuri nikamuuliza habari ya kichaa cha ng'ombe. Akasema kile hakionekani kwa kisu, ubongo wa ng'ombe mwenye huo ugonjwa ukiushika mkononi hauna tofauti na wa mzima. Yeye kazi yake kwa ugonjwa kama huo iko jana yake wakiwa wamesimama zizini, anawaangalia wanavyotembea. Ng'ombe anayeshtuka ovyo, miguu ya nyuma inayumba, anakula lakini anakonda, au jike lililokuwa pole limeanza kupiga mateke, huyo hapandishwi kuchinjwa. Na akifa kichwa kinapelekwa maabara, kwa sababu inaweza kuwa kichaa cha mbwa, inaweza kuwa maji moyo, huwezi kujua kwa macho. Mi mwenyewe sijawahi kusikia ng'ombe wa Tanzania aliyekutwa na ule wa Uingereza na sitaki mtu asome hapa aache kula nyama. Halafu akaniuliza yeye sasa, "Wewe mama unafuga?" Ninafuga, majike 2 ya maziwa nyumbani. "Unawalisha nini?"

Hapo nikanyamaza. Maana chakula cha kuku wa mayai kikibaki nilikuwa nawapa ng'ombe, si protini tu nikajua maziwa yataongezeka, na kile chakula kina dagaa, kina damu, kina unga wa mifupa ya ng'ombe. Na ndo chanzo kizima cha yale ya Uingereza jamani. Waliwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao. Ugonjwa ulitambuliwa 1986, mwezi wa 7 mwaka 1988 wakapiga marufuku kulisha ng'ombe ule unga, lakini wale waliokwisha kula wakaendelea kuanguka, 1992 peke yake ng'ombe zaidi ya 36,000, na jumla yake wamepita 180,000. Kibaya zaidi viwanda vilikuwa vinasaga chakula cha nguruwe na kuku kwenye mashine zile zile za chakula cha ng'ombe, mabaki yakawa yanaingia, na ng'ombe anaupata hata kwa chini ya gramu moja ya ubongo wenye ugonjwa. Mpaka 1996 ndo wakakataza ule unga kwa mifugo yote, mwaka ule ule serikali yao iliposimama bungeni kukiri kwamba watu nao wanaupata. Watu zaidi ya 170 wamekufa kule. Na kuchemsha hakusaidii, ukichemsha kichwa kutwa nzima ile kitu haifi.

Basi nikapita dukani ninaponunua chakula cha mifugo nikasimama tu kuangalia. Gunia la mashudu ya alizeti, gunia la pumba, pembeni gunia la damu na gunia la unga wa mifupa wa kulisha kuku, na koleo ni moja. Linachota mifupa, linapigwa ukingoni mwa gunia tap tap, linaingia kwenye mashudu ya mteja wa ng'ombe. Nimemuomba mwenye duka aweke koleo 2, akasema nitaweka mama, sijaona. Sa hivi mashudu nachukua kwa wanaokamua alizeti moja kwa moja, matete nakata mwenyewe, madini nanunua jiwe la kulamba, na mabaki ya kuku yanabaki kwa kuku.

Turudi kwenye bucha. Mizani yao iko sawa, nimepima upya kwa mizani yangu zaidi ya mara 10 haijapungua hata robo. Wanakuambia ng'ombe katoka wapi na kama ni dume la Usangu au jike la maziwa lililozeeka, na hii kwangu ndo yenye thamani kuliko bango lolote, kwa sababu ubongo wa jike zee la kisasa siuweki tena kwenye supu yangu, huyo ndo aliyelishwa vya dukani miaka 8, miaka 10. Uingereza ubongo na uti wa mgongo wanavitoa kwenye chakula cha watu toka 1989. Wateja wangu wa kichwa nawapa cha dume la Usangu, lile limekula majani ya mbugani maisha yake yote.

Nyota niliyowanyima ni msumeno. Wanapasua uti wa mgongo kwenye meza ile ile wanayokatia steki, ule uboho mweupe unarukia kwenye nyama nyingine, nimemwambia kijana aanze na steki kwanza mgongo uwe wa mwisho, anafanya nikiwepo, siku yake ya haraka anasahau. Halafu friji yao ni ndogo mno, nyama iliyobaki jioni wanarundika, msinunue pale jioni.

Bei kilo ya mchanganyiko iko chini ya mjini kwa ile ile 2,000. Fikeni kabla ya saa 2 asubuhi maini yanawahi kuisha, na mkiuliza ng'ombe wa leo katoka wapi msione aibu, wamezoea, mimi nawauliza kila siku.