Kambi ya basketi ya likizo hapa Kisumu: kocha anatoka saa nne na nusu kamili, usimtafute saa tano

Wamama wa soko la Kibuye wamenichosha na maswali kuhusu ile kambi ya basketi ya Agosti, basi wacha niandike mara moja nisirudie kila mtu akikuja kuchagua viatu. Mimi nauza raba za mtumba, mwaka wa 11 huu, kwa hivyo mtu akiniongelesha mambo ya kiatu najua kama anajua ama anapiga tu mdomo. Shikeni hiyo, nitairudia.

Kambi ni wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nne na nusu, uwanja wa simiti wa chuo kimoja hapa mjini. Shilingi 3,000 kwa mtoto, unatuma yote kabla ya kuanza, hakuna mambo ya nitamalizia Ijumaa. Kocha ndiye huyo huyo anafundisha timu ya chuo, na wasaidizi wake ni wachezaji wake wanne, mmoja ni msichana mrefu hivi hacheki na mtu lakini watoto wanamfuata kama vifaranga. Kijana wangu ana miaka 12.

Aprili nilikuwa nimempeleka kambi ingine, sitaji jina, nikalipa karibu mara mbili, akarudi na tisheti nzuri na video za kuweka status na hajui hata kusimama na mpira. Kwa hivyo hii ya Agosti siku ya kwanza sikuondoka, nilikaa pale kando kwa jiwe nione pesa yangu inaenda wapi. Na nikakasirika haraka sana, maana nusu saa nzima mpira haujatoka kwa mfuko. Watoto wameketi chini miguu wazi, kocha anawafundisha kuvaa soksi. Soksi! Unavuta, unalainisha pale kisigino, unalainisha pale kidole kidogo, unahakikisha hakuna mkunjo, halafu kiatu, halafu kamba unakaza kutoka chini shimo moja moja, si kuvuta ya juu tu. Anasema mkunjo wa soksi ndio unaleta lengelenge, na mtoto mwenye lengelenge anakimbia akihurumia mguu, siku ya pili haji.

Nikasema sawa, huyu anajua kidogo. Halafu akafika kwa kijana wangu, akabonyeza kiatu pale mbele na kidole gumba, akainua macho.

"Mama, hiki kiatu nani amemuuzia?"

"Ni mimi."

"Ni kikubwa."

"Si atakua."

"Atakua, lakini leo anacheza na mguu wa leo."

Aki niliona aibu, mtu wa viatu miaka 11 mbele ya wazazi wenzangu. Kijana anavaa 39 na nilikuwa nimempatia 41 kamera, mtumba wa daraja la kwanza, safi kabisa, nikijua itampeleka mpaka mwaka ujao. Mguu ukicheza ndani ya kiatu mtoto akisimama ghafla unateleza mbele, vidole vinagonga, kifundo kinapinduka. Hiyo naijua, hata wateja nawaambia, lakini kwa mtoto wako unahesabu pesa kwanza. Kesho yake alikuja na 39.

Hii kitu ya soksi kocha alisema si yake, ni ya mzee mmoja wa Marekani anaitwa John Wooden, alikuwa kocha wa chuo cha UCLA kule Los Angeles. Huyo mzee alichukua ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya 1964 na 1975, saba zikifuatana bila kukatika, na bado kila mwaka siku ya kwanza anakalisha wachezaji chini wavae soksi. Kareem Abdul-Jabbar, jitu la mita 2.18, alifundishwa kuvaa soksi kama mtoto wa nasari. Kijana wangu aliposikia hiyo hakubisha tena.

Wiki ya kwanza yote hakuna kurusha kwa ringi. Ni kusimama kwa miguu miwili bila kuyumba, kugeuka na mguu mmoja umebaki chini, kupasi kifuani, kudunda na mkono wa kushoto mpaka wengine wanalia. Wazazi wengine walilalamika. Wiki ya pili ndio leiapu zikaanza, ile ya kukimbia na kurusha karibu na ringi, na nikaona mbona alingoja, maana watoto hawakuwa wanatembea na mpira kama wale wa Aprili. Anapenda sana kuhesabu kwa sauti. Timu ina sekunde 8 kuvusha mpira nusu ya uwanja na 24 kwa jumla kurusha, basi yeye anahesabu moja, mbili, tatu, na sauti inapanda akikaribia, na sasa kwangu nyumbani mtu akienda kuchota maji anahesabiwa na mdogo wake.

Wasichana wanacheza na wavulana pamoja, hakuna kona ya wasichana. Kuna kijana alinung'unika kuwekwa upande wa msichana, kocha akamsimamisha akamuuliza Kenya ilienda AfroBasket, ubingwa wa Afrika, ya 2021 kule Kigali baada ya kukosa miaka 28, kocha wa Morans, timu yetu ya taifa ya wanaume, alikuwa nani? Kijana hajui. Ni mwanamke, Liz Mills wa Australia, na huyo ndiye alikuwa kwa benchi tukipiga Angola 74 kwa 73, Angola hiyo iliyokuwa na vikombe 11 vya Afrika wakati huo. Kijana akarudi kucheza kimya.

Sasa hii ya muda. Siku ya nne nilichelewa, bale imefunguliwa na wateja wamejaa, nikafika saa tano kasoro kumi. Kocha ameenda. Kijana yuko sawa, amekaa na yule msichana mrefu, lakini mimi nilichemka, nikampigia kocha simu nikamwambia nimelipa na sitaki mtoto wangu aachiwe wanafunzi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema pole mama, wasaidizi wanabaki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe, hilo halibadiliki, lakini mimi saa tano nakunywa chai na mke wangu.

Nilidhani ananitania. Kumbe mke ni nesi, anafanya zamu ya usiku, anaingia nyumbani asubuhi na kulala kidogo. Ndio maana kocha anakuja uwanjani na watoto wake wote wawili, ili nyumba iwe kimya, kubwa la miaka 9 linadunda mpira kuliko wavulana wa 13, na kadogo kamekaa kwa mfuko wa mipira kama malkia, nywele zimefungwa na raba bendi tatu za rangi tatu, mstari wa katikati umepinda kama barabara ya Maseno. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikakaita nikakasuka upya, kocha akasema asante mama, nimejaribu. Saa nne na nusu anabeba wote kwa tuktuk moja, maana mchana ana mazoezi ya chuo mpaka jioni na jioni mke anaenda tena kazini. Ile chai ndio saa yao.

Kibuye tulipoisikia tulicheka, mmoja akasema huyo amekaliwa, mwingine akasema hata yeye angetaka kumkalia mtu hivyo. Usiku nikaingia kwa simu kusoma habari za yule mzee wa soksi. Alioa Nellie 1932. Kabla ya mechi anageuka kumtafuta kwa viti na kumpa ishara ya vidole, ndio mechi ianze. Nellie akafa tarehe 21 Machi 1985, na mzee miaka na miaka baadaye, kila tarehe 21 ya mwezi, anamwandikia barua na kuiweka juu ya mto wake. Amekufa 2010 na miaka 99. Nikaweka simu chini. Tangu hapo saa nne na ishirini niko pale kwa jiwe, na wateja wangoje.

Mabaya yapo, na si madogo. Hakuna kivuli kabisa, saa nne simiti ya Kisumu inachoma mpaka unaisikia kupitia soli. Choo kilikuwa na kufuli siku mbili na mwenye funguo hajulikani. Mipira ndio imeniuma zaidi, ile saizi 5 ya watoto iko michache na wengine wanapewa saizi 7 ya wanaume, sasa mtoto wa miaka 9 atafikishaje hiyo kwa ringi ya mita 3.05 kama si kuitupa kutoka kiunoni kama gunia? Hapo ndipo anazoea kurusha vibaya. Nilimwambia kocha, akakubali, akasema pesa ya wiki ya pili itanunua mitatu, na kweli ilinunua mitatu. Ringi moja haina wavu. Na jumbe za WhatsApp zinaingia saa sita usiku, kocha aki, hata sisi tuna waume.

Nimempa kocha 8 kwa 10. Mtoto aende na maji lita mbili, kofia, na soksi za pamba nzito, zile nyembamba za shule hazifai.

Desemba kocha anafanya wiki mbili tu kwa sababu wanaenda nyumbani kwa mama yake, nimeshatuma pesa. Kijana nimemtolea 40, ile 39 imeanza kumbana, na safari hii nilimbonyeza mbele na kidole gumba mwenyewe.