NAS ya ofisi ya watu 15: soma lebo ya diski kabla hujalipa

Msimu wa korosho ukianza, lalamiko la ofisi za Mtwara, Masasi na Nachingwea huwa lile lile. NAS, yaani kisanduku cha diski kinachotunza mafaili ya ofisi nzima kupitia mtandao, imenunuliwa, muuzaji kaapa inabeba watu mia. Makarani 12 wanaanza kuskani stakabadhi za ghala asubuhi, na kufika saa tano kila kompyuta inazungusha kiduara. Fundi analaumu mtandao, bosi anamlaumu fundi.

Hiyo "mia" ni idadi ya miunganisho ambayo programu ya kifaa inaruhusu. Hata aliyeacha folda wazi akaenda kunywa chai anahesabiwa humo. Mzigo wenyewe unabebwa na diski. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Jumlisha na muda wa kichwa kinachosoma data kusogea, unabaki na kama safari 80 za kutafuta data kwa sekunde, na makarani wote wanagawana hizo hizo. Kebo ya gigabiti moja inapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo kwa nyaraka za kawaida kebo haijai. Kinachohangaika ni kichwa cha diski.

Kuna aina ya diski inayoufanya uhangaikaji huo kuwa balaa, nayo ni SMR. Ndani yake mistari ya data imelaliana kama makuti paani. Kusoma hakuna taabu, ila ukitaka kubadili kuti la chini, sharti ufumue yaliyolala juu yake uyapange upya. Diski hulificha hilo kwa kuandika kwanza kwenye eneo la akiba, halafu inapanga taratibu ikipata utulivu. Kompyuta ya nyumbani ina utulivu, ofisi yenye skana tatu haina. Akiba ikijaa, kasi inaporomoka na wote wanangoja. Ubaya zaidi huja siku diski moja inapokufa na mpya inapaswa kunakiliwa kila kitu. CMR, yaani diski ya mpangilio wa kawaida, ya TB 4 kwa kawaida humaliza usiku mmoja kama ofisi imefungwa. SMR inaweza kuburuza siku kadhaa, na RAID, yaani mpango unaounganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, huweza kuitupa nje ikidhani ni mbovu.

Wala usidhani neno "NAS" kwenye lebo linakulinda. Aprili 2020 ilibainika kwamba kampuni ya WD (Western Digital) walitia SMR kwenye baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, bila kuwaambia wanunuzi. Kwa hiyo soma namba ya modeli. WD Red ya TB 2 hadi 6 inayoishia EFAX, iache. WD Red Plus zinazoishia EFZX au EFPX ni salama. Kwa Seagate, ST4000DM004 ni Barracuda ya SMR, ST4000VN006 ni IronWolf ya CMR. Herufi mbili tu zinaamua msimu wako utakavyokwenda.

Sasa visanduku vya NAS vyenyewe. Upendeleo wangu nautangaza mapema: kampuni ya Synology, kwa sababu programu yake ya DSM karani mwenye akili timamu anaielewa bila kumpigia fundi simu.

Namba moja ni DS224+ yenye WD Red Plus au IronWolf mbili za TB 4 kwenye RAID 1, ambapo kila diski inabeba nakala ile ile. Inakuja na memori ya GB 2. Ongeza hadi 6, usibane hapo. Kwa Excel, PDF na skani, watu 15 hadi 20 wanafanya kazi bila kununiana. Ukipewa DS225+ badala yake, si mbaya, ila hakikisha inawekwa DSM 7.3. Kabla ya toleo hilo la Oktoba 2025 ilikuwa inakataa diski za kampuni nyingine.

Namba mbili, DS923+, kwa ofisi ya watu 30 na zaidi, au yenye programu ya hesabu kama Tally inayoandika vipande vidogo siku nzima. Ina nafasi nne za diski na memori hadi GB 32. Wengi wenu hamuihitaji.

Namba tatu, QNAP TS-264. Kwa vyuma inaishinda DS224+: memori GB 8 na milango miwili ya gigabiti 2.5. Naishusha kwa sababu vifaa vya QNAP vilivyoachwa wazi kwenye intaneti vilishambuliwa na virusi vya Deadbolt mwaka 2022, na ofisi nyingi hazina mtu wa kuvifungia njia hiyo ya intaneti.

DS223j ya Synology ina memori ya GB 1 isiyoongezeka: inatosha watu watano. Kushea folda kwenye Windows 11 Pro kunaishia vifaa 20, na kompyuta yenye folda hiyo ikizimwa kazi imekwisha.

Tuje kwa wauzaji. Ukiomba kuona lebo unaambiwa "diski ni diski, dada". Bei ya kwenye simu si ya kaunta, na tofauti inaitwa nauli kutoka Kariakoo. Barabara kweli ilikatika Somanga Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, lakini kimbunga hakikubadilisha IronWolf kuwa Barracuda ndani ya boksi.

Jaribu kabla hujamalizia malipo. Nakili folda ya GB 100 kutoka kompyuta moja kwenda kwenye NAS huku wenzako watatu wanafungua faili za Excel, na utazame kasi. Ikiganda kwenye megabaiti 11 tangu mwanzo, NAS haina kosa: kuna swichi ya megabiti 100 njiani, au kebo ambayo nyaya zake zote nane hazijafungwa. Ikianza na 110 kisha baada ya makumi ya GB ikaanguka hadi 20 na kubaki hapo, fungua Storage Manager ndani ya DSM usome modeli ya diski, karibu kila mara utaikuta ni SMR. Ndiyo maana risiti iandikwe namba kamili ya modeli ya kila diski. Iliyoandikwa "HDD 4TB" tu haitakusaidia kuirudisha.