Vifaa vya kupigia picha nzuri kwa simu, nimevipanga kuanzia cha kununua kwanza (simu mpya iko mwisho)

Mtu akiniuliza anunue simu gani ili picha zake zipendeze, mi namrudishia swali ambalo halipendi: picha zako zina shida gani? Zimecheza? Zina giza? Nyuso zimeungua kwa mwanga? Wengi hawajui, wanachojua ni kwamba hazipendezi, alafu wanaenda kununua simu.

Simcheki mtu maana mwenyewe nilianzia huko huko. Nilinunua simu ya megapikseli 108 nikiamini namba itanifanyia kazi, picha zikawa zile zile, nikaongeza pakiti ya lenzi za kubandika zilizokuja na kimfuko kizuri kuliko lenzi zenyewe, nikaongeza taa ya duara, na picha zikazidi kuwa mbaya kwa sababu sasa nilikuwa na vitu vingi zaidi vya kukosea navyo. Kilichonitoa hapo ni tripodi ndogo ya mezani niliyoinunua kwa shughuli nyingine kabisa, ya kuegesha simu nikiongea na watu kwa video. Siku moja nikaitumia usiku kupiga picha kupitia dirishani nikadhani simu imebadilishwa.

Kwa hiyo mpangilio huu unafuata kitu kimoja tu, kifaa kinabadilisha picha kiasi gani ukilinganisha na pesa uliyotoa. Sio uzuri wa boksi wala kinavyoonekana mezani.

Ila kabla hujatoa hata senti, futa lenzi. Siyo utani. Simu inashinda mfukoni na mkononi, mafuta ya vidole yanakaa pale, na ule ukungu unaouona kuzunguka taa kwenye picha za usiku mara nyingi ni vidole vyako mwenyewe. Alafu washa mistari ya gridi kwenye setingi ili upeo usilale upande, gusa kwenye kioo sehemu unayotaka ionekane vizuri na uteremshe kidole kupunguza mwanga kama anga imeungua, na uache kuvuta zumu kwa vidole viwili hovyo, maana ukipita uwezo wa lenzi zilizopo simu inakata tu kipande cha picha na kukikuza, ni bora utembee hatua tatu mbele.

1. Tripodi yenye kishikio cha simu

Hii ndo namba moja na sioni ya kuikaribia. Sababu ni hii: kwenye simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, limefungwa saizi moja toka kiwandani, kwa hiyo giza likiingia simu imebaki na mambo mawili ya kuchezea, kuongeza ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga (chembechembe zinajaa) au kuacha kamera ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi. Na hilo la muda ndo mkono wako unaliharibu.

Google walipoleta Night Sight, hali ya kupiga usiku, kwenye simu zao za Pixel mwaka 2018 walieleza jinsi inavyofanya kazi: ukiwa umeishika mkononi inapiga fremu (picha) nyingi za muda mfupi na kuziunganisha, ikihisi imetulia kabisa inapiga mpaka fremu 6 za sekunde nzima nzima. Yaani kwenye tripodi kila fremu inapata muda mrefu zaidi wa kukusanya mwanga, simu ile ile, lenzi ile ile. Pixel 4 iliyotoka 2019 ikaenda mpaka dakika 4 kwa ajili ya kupiga nyota, na iPhone zenye hali ya usiku zinaweza kufika sekunde 30 zikijua hazitikisiki. Yaani uwezo huo tayari umeulipia ndani ya simu yako, umefungiwa tu kwa sababu unashika kwa mkono.

Unaponunua angalia kishikio kwanza, miguu baadaye. Kishikio cha plastiki chenye springi legelege kitaangusha simu siku moja, na siku hiyo utajua bei halisi ya tripodi ya bei rahisi. Tafuta chenye skrubu ya kukaza au springi ngumu ya chuma, ukijaribishe simu ikiwa ndani ya kava lake, na uhakikishe kinaunganika na tripodi kwa skrubu ya kawaida ya robo inchi, ile inayotumika kwenye kamera karibu zote, ili kesho ukibadilisha kimoja usilazimike kutupa kingine. Kichwa kizunguke na kulala, simu isimame wima na ilale pia. Miguu mirefu ni mizuri ila ukiinyanyua yote na inatetemeka kama bua kwenye upepo basi urefu huo ni mapambo, chukua fupi nzito. Zile za miguu inayojikunja kama nyoka ambayo unaweza kuizungushia kwenye tawi au reli ni nzuri sana kwa mtu anayetembea. Kijiti cha selfi chenye vimiguu vitatu chini ni afadhali kuliko hakuna, ndani ya nyumba, nje upepo utakilaza.

Rimoti usinunue kwanza. Tumia taima ya sekunde 3, au chomeka earphone za waya kama simu yako bado ina tundu, kitufe cha sauti kwenye nyingi kinapiga picha.

Na hili la pembeni: kishikio cha kufunga simu kwenye usukani wa pikipiki siyo tripodi. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha kwenye kamera ya iPhone, kwa hiyo kama unataka video ya safari tafuta kamera ya kazi hiyo.

2. Mwanga, na anza na wa bure

Hapa watu wanakimbilia taa wakati wanachohitaji kwanza ni karatasi ya manila nyeupe. Mkalishe mtu pembeni ya dirisha (pembeni, dirisha lisiwe nyuma yake), upande mmoja wa uso utakuwa na mwanga na mwingine una kivuli, sasa shika manila upande wa kivuli nje kidogo ya fremu uone kivuli kinavyolainika. Hiyo ndo kazi ya reflekta. Ukitaka kununua reflekta halisi chukua ile ya kukunja yenye nyuso tano, ila ya dhahabu utaitumia mara mbili tu uichoke, kila mtu anatoka kama ana homa ya manjano.

Ukifika kwenye taa kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza ni CRI, inayoeleza taa inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani, tafuta 95 kwenda juu, ikishuka sana chini ya hapo ngozi inaweza kuwa na ukijani au ukijivu ambao hata ukiediti hautoki vizuri. Ya pili ni joto la rangi, taa inayobadilika kati ya kama 3200K (ya njano kama balbu ya zamani) na 5600K (kama mchana) inakuruhusu kuilinganisha na mwanga uliopo chumbani, maana ukichanganya taa nyeupe na balbu ya njano simu inachanganyikiwa, uso nusu bluu nusu chungwa. Kama boksi halijaandika CRI kabisa, rudisha kwenye rafu.

Paneli bapa ya LED ninaiweka juu ya taa ya duara. Ya duara ni nzuri kwa mtu anayerekodi uso wake mezani, basi, ila ukiitumia kwa kila kitu nyuso zote zinakuwa bapa bila kivuli, na mwenye miwani anatoka na duara mbili za kung'aa mbele ya macho. Nilipiga picha za familia nzima hivyo, wenye miwani walikuwa wanne. Na taa yoyote, isogeze karibu: ukiitoa mita 2 ukaileta mita 1 mwanga unaofika kwa mtu unakuwa kama mara nne, na vivuli vinalainika kwa sababu sasa taa ni kubwa ukilinganisha na uso wake. Taa ndogo ikiwa mbali inatoa vivuli vya kisu.

3. Programu ya kuediti

Ni namba tatu kwa sababu hata programu nzuri kabisa unaweza kuipata bila kulipa kitu. Snapseed ya Google ni ya bure na inamtosha mtu kwa muda mrefu sana, Lightroom ya simu ina sehemu ya bure na ya kulipia kwa mwezi, na kwa Android kuna Open Camera ya bure inayokupa mamlaka juu ya ISO na muda kama simu yako inaruhusu. Lipia pale tu umegonga ukuta na unaweza kuutaja ukuta wenyewe, mfano unapiga RAW (faili ghafi la picha ambalo simu haijalichakata) na unataka kuondoa chembechembe.

Usinunue vifurushi vya preseti, yaani setingi za kuediti zilizopangwa tayari. Zile zilitengenezwa kwa mwanga wa mtu mwingine na ngozi ya mtu mwingine, ukibandika kwako ngozi nyeusi inakuwa majivu na unadhani wewe ndo hujui.

4. Nafasi ya kuhifadhi na pawabenki

Kinachochosha kuliko vyote ni hiki lakini siku simu ikiandika nafasi imejaa katikati ya sherehe utanikumbuka. Picha moja ya ProRAW (RAW ya Apple) ya megapikseli 48 kwenye iPhone inakula kama MB 75, ya megapikseli 12 kama MB 25, kwa hiyo ukianza kupiga hivyo nunua diski ndogo ya SSD na waya wake. Na usihesabu kule ulikomtumia rafiki kwa WhatsApp kama hifadhi, pale picha inabanwa, ukitaka ifike nzima itume kama dokumenti.

5. Gimbali

Ni kishikio chenye mota zinazotuliza simu ukitembea. Kwa video tu. Kwa picha za kawaida ni tripodi ghali inayohitaji chaji. Kama unarekodi ukitembea, zenye mihimili mitatu (zinazotuliza simu pande zote tatu) ndo za kuchukua, na uangalie uzito inaobeba, simu kubwa pamoja na kava na kilenzi cha kubandika vinaweza kuzidi na mota ikaanza kulia. Ila kwanza jaribu kutembea magoti yakiwa yamelegea kidogo, viwiko vimebana mbavuni, simu nyingi za sasa zinatuliza video vya kutosha mpaka unajiuliza ulitaka gimbali ya nini.

6. Lenzi za kubandika

Nyingi ni takataka, nasema hivyo nikiwa nazo saba kwenye droo. Pembe zinatoka zimefifia, zile za kuvuta mbali zinatoa picha laini kama imepigwa kupitia glasi ya maji. Alafu kuna tatizo ambalo kwenye boksi hawaliandiki: simu yako ina kamera tatu nyuma, lenzi imefunika moja, ukisogea karibu simu inaamua yenyewe kuhamia kamera nyingine na unabaki unapiga ukingo wa kibanio. Inabidi utumie programu inayofunga kamera moja.

Mbili nazitetea. Ya makro, kwa wadudu na maua na pete, hata ya bei ya chini inashangaza kama utakuwa na mwanga na subira. Na filta ya polaraiza, inayopunguza mng'ao kwenye maji, vioo na majani, kwa sababu kazi hiyo programu ya kuediti haiwezi kuifanya baadaye, mng'ao ukishafunika kilicho chini yake hakipo tena.

7. Simu mpya

Sasa hapa. Kama umepita kote huko na bado unaona simu inakuzuia, nunua, ila usisome megapikseli. Ile yangu ya 108 kwa kawaida ilikuwa inaunganisha pikseli tisa kuwa moja na kutoa picha ya 12, na za 48 nyingi zinaunganisha nne nne kufika pale pale. Soma ukubwa wa sensa ya kamera kuu, unaandikwa kama sehemu ya inchi, 1/1.3 ni kubwa kuliko 1/2.5, na kubwa inakusanya mwanga zaidi. Angalia kama ina OIS, lenzi inayojituliza yenyewe, kitu ambacho kipo kwenye simu tangu Nokia Lumia 920 ya 2012 na bado simu nyingi za bei ya chini zinakinyima. Kamera za makro au za kina (za kupima umbali) za megapikseli 2 zihesabu kama hazipo, zipo ili kwenye tangazo waandike kamera nne. Lenzi ya kweli ya kuvuta mbali, ya mara 3 au 5, hiyo kwa picha za watu ina faida, sura haivimbi pua.

Ukichukua iliyotumika, ichunguze hapo hapo kabla ya kulipa. Piga picha ukuta mweupe kwa kila kamera uikuze utafute madoa. Elekeza kwenye taa uone kama kuna ukungu chini ya kioo cha lenzi. Fungua video, shika simu kimya, kama picha inacheza cheza yenyewe au inanguruma ujue mfumo wa kutuliza umekufa. Gusa kitu cha karibu alafu cha mbali uone fokasi inahama au inatafuta tafuta bila kupata. Na ukiitikisa ukisikia kitu kinagonga kidogo ndani wakati kamera imezimwa usiogope haraka, kwenye simu nyingi zenye OIS ndivyo ilivyo, washa kamera utikise tena usikilize.