Kulanti ya kompyuta: ipi ununue, ipi uiache

Kulanti ni kimiminika kinachozunguka ndani ya kompyuta inayopozwa kwa maji ili kuondoa joto. Anza na metali, chupa baadaye. Bloku za prosesa, yaani vipande vya metali vinavyokaa juu ya prosesa na kupitisha kulanti, karibu zote ni za shaba, nyingine zimepakwa nikeli. Rejeta, yaani sehemu inayotoa joto la kulanti hewani, ikiwa ya alumini, simama hapo hapo: shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yale yale huzaa umeme mdogo kama wa betri, na alumini ndiyo inayolika. Dawa ya kutu hupunguza kasi tu. Badilisha rejeta kwanza.

1. Kulanti angavu iliyokwisha kuchanganywa
Hii naipendekeza kwa karibu kila mtu; DP Ultra ya Aqua Computer ni mfano mzuri. Dawa ya kutu na ya kuua vijidudu zimeshapimwa pamoja, hubahatishi. Dawa inayotumika sana kulinda shaba ni benzotriazoli, ambayo hung'ang'ania uso wa metali na kuufunika kwa utando mwembamba usioonekana. Dawa hiyo huisha taratibu, kwa hiyo badilisha kulanti kila baada ya mwaka hivi hata kama bado inang'aa. Ukifungua bloku ukakuta ukoko wa kijani kati ya mapezi (vibati vyembamba vya ndani), umechelewa.

2. Dawa nzito ya kuchanganya mwenyewe
Hii huuzwa bila maji, nawe unayaongeza. Ulinzi ni ule ule, na bei huwa nafuu kwa lita. Sharti ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoeshwa. Ya bomba yana chumvi na klorini, na hata ya kunywa ya chupa yana madini. Tafadhali usipunguze dozi ili kubana matumizi. Glaikoli, kemikali iliyomo kwenye nyingi za dawa hizi, ikiwa kidogo mno haizuii vijidudu, bali huwa chakula chao.

3. Kulanti ya gari
Inazuia kutu kweli, lakini ikizidi hubeba joto vibaya kuliko maji. Nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo iweke mbali na watoto na wanyama. Ningeichukua pale tu mbili za juu zimekosekana.

4. Maji yaliyokenekwa na dawa ya vijidudu peke yake
Mwani hauoti, ila shaba haina mlinzi. Waya wa fedha wa kuua vijidudu usiutie kabisa kwenye bloku yenye nikeli.

5. Kulanti nzito za rangi ya maziwa
Zinapendeza, nakubali. Rangi hiyo ni chembe zinazoelea, na nafasi kati ya mapezi ya bloku haifiki milimita moja. Chembe hutuama humo, mtiririko ukapungua, joto likapanda. Ni za maonyesho, si za mashine ya kazi.

Chochote utakachonunua, usikichanganye na masalia ya chupa ya aina nyingine. Rejeta mpya nazo huja na mabaki ya dawa ya kulehemu, ambayo huimaliza dawa ya kutu mapema. Isukutue kwa maji ya moto yaliyokenekwa mpaka yanayotoka yawe safi, ndipo umimine.