Mpini mmoja, vichwa vingi: uzoefu wangu na vifaa vya bustani vya kubadilisha hapa Goma

Tangu mvua za Septemba zilizopita natumia seti ya vifaa vya bustani yenye mpini mmoja unaorefuka na vichwa vya kubadilisha. Niseme mapema ninachokiona: mpini wake ni kitu kizuri sana kwa mtu wa Goma, vichwa vyake karibu vyote ni dhaifu kwa ardhi yetu, na vichwa vinavyofaa vinaweza kutengenezwa hapahapa mjini kwa pesa kidogo. Anayefikiria kununua asome mpaka mwisho kabla ya kutoa pesa.

Nianze na ardhi, maana msomaji aliye Beni au Dar es Salaam anaweza asielewe shida yetu. Goma imekaa juu ya lava ya mlima wa volkeno wa Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia Ziwa Kivu. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikaishia pembeni, upande wa Buhene. Sisi tuko mtaa wa Himbi, lava yetu ni ya zamani zaidi na imeshashika udongo kidogo juu, lakini ukichimba kiganja kimoja au viwili unagonga mwamba. Kwa hiyo bustani hapa huwa tunaijenga. Unapanga mawe meusi kuzunguka, unanunua udongo kwa mifuko, unaletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, au gari, unachanganya na mbolea ya mbuzi, ndipo unapanda lengalenga (mchicha), poro (liki), karoti na maharage yanayotambaa kwenye miti. Mahali pengine tuta lina kina cha goti, mahali pengine huzamishi hata vidole vyote.

Kwenye tuta la namna hiyo jembe la kawaida ni zito na pana mno. Ukilipiga linapita udongo wote, linalia kwenye mwamba, na makali yanakwisha. Tena udongo ule umeununua kwa pesa yako, hutaki kuutupa nje ya mawe kila ukipalilia. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitu chembamba zaidi.

Seti yangu imetengenezwa China na haina jina la kampuni inayojulikana. Niliinunua katikati ya mji kwenye duka linalouza vifaa vya ujenzi. Bidhaa zao nyingi zinapitia Kigali. Ndani ya sanduku mlikuwa na mpini wa alumini wa mabomba mawili, moja linaingia ndani ya lingine, mpini mfupi wa plastiki wa kushika kwa mkono mmoja, na vichwa: reki, fagio la majani, jembe dogo la kukwangua, kipalilio cha meno matatu, msumeno uliopinda, na kichuma matunda chenye mfuko wa kitambaa. Mpini ukiufunga ni mita moja na kidogo. Ukiufungua wote unanipita kichwa.

Urefu huo ndio ulionifanya niipende. Mama yangu ni mtu wa kulima tangu utoto wake, lakini mgongo umemchosha, na kuinama juu ya tuta la mawe kulikuwa kunamlaza siku ya pili yake. Alipoushika mpini alisema, «Mwanangu, chepesi hivi kitatoa majani kweli?» Nikamwambia, «Mama, usikipige. Kivute tu.» Akasimama wima, akalaza lile jembe dogo juu ya udongo, akalivuta kuja kwake. Majani machanga yakakatika chini kidogo ya uso wa udongo, karoti zikabaki. Alimaliza tuta lote bila kuinama isipokuwa kwa kuokota majani.

Tumepima urefu unaofaa kila mtu. Kwa kukwangua, mpini ukiusimamisha mbele yako ufike kidevuni. Ukiwa mfupi zaidi utaanza kuinama tena, ukiwa mrefu zaidi kichwa kinakwenda mbali na mkono unakosa nguvu. Nimechora mistari kwenye bomba la ndani kwa rangi ya kucha, mwekundu wa mama, mweupe wangu. Mama anauona wake bila miwani, anavuta, anakaza, anaanza kazi. Jembe la mpini wa mkaratusi, hata likichongwa vizuri namna gani, lina kimo cha mtu mmoja tu.

Sasa kiungo, mahali kichwa kinapokutana na mpini. Dukani watu hutazama idadi ya vichwa kwenye picha ya sanduku. Mimi nasema tazama kiungo kwanza. Mifumo ya Ujerumani inayojulikana zaidi, Gardena na Wolf-Garten, kila mmoja una kiungo chake. Kwa Gardena unaingiza kichwa kisha unakaza skrubu kwa vidole. Kwa Wolf-Garten kichwa kinanasa chenyewe na unakiachilia kwa kitufe. Kichwa cha mmoja hakiingii kwenye mpini wa mwingine, kwa hiyo ukishachagua mfumo umefunga nao ndoa. Changu ni cha kitufe cha chuma kinachosukumwa na springi mpaka kitokeze kwenye tundu la bomba. Kinashika haraka, hata kwa mikono yenye matope. Ubaya wake ni kwamba kitufe ni chuma kigumu na bomba ni alumini laini. Kila kichwa kikicheza kidogo, kitufe kinakula ukingo wa tundu, nalo linaacha kuwa duara. Ukiwa dukani, funga kichwa halafu ukitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Kikilia kikiwa kipya, kazini kitalia zaidi. Muuzaji akikataa sanduku lisifunguliwe, nenda duka jingine.

Nilitaka kujua mpaka wa kifaa uko wapi, kwa hiyo nilikipeleka kwenye njia iliyokanyagwa kati ya matuta nikalipiga lile jembe dogo kama tunavyopiga jembe letu. Halikudumu. Tundu lilipanuka, kichwa kikaanza kujizungusha kila kikigusa ardhi, na ubati wa jembe lenyewe ukakunjika ncha. Sababu yake inaeleweka: mpini mrefu unazidisha nguvu yote inayokutana kwenye kiungo, na kiungo ni kitufe kimoja chembamba. Vifaa vya namna hii ni vya kuvuta, kukwangua, kukusanya na kufikia mbali. Kulima ardhi ngumu na kung'oa mawe si kazi yake. Kwenye sanduku hakuna neno hata moja linalosema hivyo, kuna picha ya mtu anayechimba, na jambo hilo linaniudhi kwa niaba ya kila mtu atakayetoa akiba yake kwa sababu ya picha ile.

Kipalilio cha meno matatu ni kibaya kuliko vyote. Meno ni bati lililokatwa na kukunjwa. Kokoto moja ya volkeno iliyojificha kwenye udongo inatosha kukunja jino, unalinyoosha, linakunjika tena palepale. Fagio la majani lina meno ya plastiki yasiyopenda changarawe ya hapa. Reki ni ya wastani, inachanganya mbolea vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyekaa Goma hawezi kulijua: vumbi letu jeusi. Ni chembe za mwamba wa volkeno, ngumu na zenye ncha. Linaingia kati ya yale mabomba mawili. Siku moja nilivuta mpini nikasikia unasaga, nikautoa wote nje, na bomba la ndani lilikuwa na michirizi mirefu inayong'aa, na kwenye kila mchirizi chembe moja nyeusi imejibana mwisho wake. Ukiendelea kuvuta hivyohivyo mpini utakwama na hautarefuka tena. Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya kazi ya siku kavu, tenganisha mabomba, yamwagie maji, ingiza kitambaa kwenye fimbo usugue ndani ya bomba la nje, yaache yakauke yakiwa yametengana. Usipake mafuta. Nilishauriwa mafuta ya injini na jirani mwenye nia njema, lakini mafuta yanashika vumbi, na kwa mipini inayokazwa kwa kuzungusha kama huu wangu, mafuta yakifika kwenye kikazio ndani, mpini utateleza ukifunga hata mara ngapi.

Vichwa vya chuma navyo vinataka uangalizi. Moshi wa Nyiragongo una gesi za salfa, na upepo ukiuleta upande wetu kisha mvua ikanyesha, bati za nyumba hujua. Rangi ya vichwa ilianza kubanduka mapema, na palipobanduka kutu ikaingia. Navifuta, navipaka mafuta kidogo ya kupikia, naviweka ndani. Kwenye vichwa mafuta hayana shida.

Msumeno na kichuma matunda sikuvitegemea sana, na ndivyo vilivyonifurahisha. Tuna mparachichi unaoegemea ukuta wa mawe, na kila msimu watoto walikuwa wanapanda juu ya ukuta kuchuma. Sasa wanasimama chini. Kichuma changu kina ukingo wa makali, ukikizungusha kidogo kinakata kikonyo badala ya kulinyofoa tunda. Hilo ni muhimu: parachichi lililonyofoka bila kikonyo huanza kuoza kwa juu kabla halijaiva vizuri. Msumeno unakata wakati wa kuvuta, meno yake yameelekea kwako, kwa hiyo usiusukume kwa nguvu, utapinda. Matawi ya unene wa kifundo cha mkono unayaweza, zaidi ya hapo mwite mtu mwenye msumeno wa kweli.

Lakini naomba kila mtu alisikie hili: mpini ni alumini, na alumini inapitisha umeme. Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi za hapa nyaya zinapita chini sana, nyingine zimefungwa kwenye miti yenyewe. Kabla ya kurefusha mpini juu ya mti, tazama juu, fuata kila waya kwa macho mpaka unapoishia. Kama kuna waya unaoweza kufikiwa na mpini hata ukianguka, acha tunda hilo. Watoto wetu hawaruhusiwi kuurefusha bila mtu mzima kusimama hapo, na usiseme umeme umekatika leo, unaweza kurudi ukiwa umeinua mkono.

Baada ya tundu kupanuka nilirudi dukani nikauliza kichwa kimoja cha ziada. Hakuna. Wanauza sanduku zima tu. Nikazunguka maduka mengine, jibu likawa lilelile. Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, karibu na soko la Virunga. Aliugeuzageuza mpini akasema, «Mama, kichwa nitakutengenezea. Mpini siwezi. Alumini hii nikiigusa na mashine yangu ya chuma itayeyuka tu.» Alisema kweli, alumini haitaki mashine ya kawaida.

Alichofanya ni hiki. Alitafuta kipande cha bomba la chuma kinachoingia kwenye bomba langu bila kucheza, akakipiga tupa mpaka kikakaa sawa. Akalichomelea jembe jembamba la upana wa vidole vinne, alilolikata kwenye springi ya gari iliyokufa. Cha pili akakipa meno matatu ya nondo ya milimita 8, ncha zake akazipiga nyundo zikiwa nyekundu. Kile kitufe tulikiacha kabisa. Akatoboa tundu jipya juu ya lile lililoharibika, likapita bomba lote, akatia bolti yenye nati ya masikio ninayokaza kwa vidole. Kubadilisha kichwa kunachukua muda kidogo zaidi, lakini hakichezi tena. Meno yale ya nondo yamegonga mwamba mara nyingi sasa na hayajakunjika. Yanaruka, yanaendelea.

Vichwa hivyo ni vizito kuliko vya sanduku, na mpini ni uleule, kwa hiyo tunavitumia kwa kuvuta vilevile, na haturefushi kupita nusu. Ndani ya bomba la nje lazima kibaki kipande kirefu cha bomba la ndani, angalau urefu wa viganja viwili, la sivyo alumini itapinda pale mabomba yanapokutana.

Bei: seti ilinigharimu dola 48. Fundi alichukua dola 4 kwa jembe na dola 5 kwa meno, chuma ni chake. Kwa hesabu hiyo singenunua tena seti nzima. Nimemwomba muuzaji alete mipini mitupu, na amekubali kuniagizia mmoja kwa ajili ya dada yangu wa mtaa wa Ndosho, ambaye ndiyo kwanza anajaza udongo kwenye mawe yake. Kichuma matunda changu kitazunguka kati ya nyumba zetu mbili. Na wewe ukitaka kumpelekea fundi kazi ya namna hii, nenda na mpini wenyewe mkononi, usimpe vipimo kwa mdomo. Mabomba ya seti hizi yanaonekana kufanana, lakini nilipojaribu kichwa changu kipya kwenye mpini wa jirani hakikuingia kabisa.