Bima ya duka Mtwara: mali wamelipa, ukuta wamegoma

Nimefuatilia kleimu, yaani madai yangu ya kulipwa na bima, wiki tisa ndo naandika. Kampuni siitaji jina, ofisi wanayo hapa Mtwara mjini, na bima yenyewe ni ile ya moto na majanga mengine, jengo pamoja na mali iliyomo. Duka langu liko Chikongola.

Nilikata Juni 2024. Mwezi mmoja nyuma, Mei, ile mvua ya wakati wa kimbunga Hidaya ilikula udongo nyuma ya stoo mpaka msingi ukaonekana na ukuta ukapata ufa mwembamba, fundi akaziba akapiga plasta. Wakala alipokuja nilimwonyesha pale pale kwa mkono wangu, akaniambia "hamna shida mama, si umeshatengeneza", akajaza fomu yeye mie nikasaini, na ufa hakuuandika. Januari mvua ikapiga siku mbili bila kupumzika, ukuta wa nyuma ukalala wote, saruji mifuko 64 ikalowa, unga na sukari navyo vikaenda na maji. Siku ile nililia tu.

Asesa, yule mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni, alikuja siku ya nne, kijana mstaarabu kwa kweli, akabandua plasta akaona ufa wa zamani. Jibu likaja kwamba ukuta hawalipi maana chanzo chake kilianza kabla ya bima. Nikawauliza, ukuta umeanguka Januari na bima imeanza Juni, inakuwaje? Ikabidi nitafute mtu anisomee mkataba, Kiingereza mwanzo mwisho. Kumbe kwenye jengo wameandika hawalipi hasara iliyosababishwa na jambo lililokuwepo kabla ya tarehe ya kuanza, hata kama hasara yenyewe imekuja baadaye. Kwenye mali ya ndani hayo maneno hayapo kabisa!! Pale wanataka tu hasara itokee ndani ya muda wa bima. Mkataba mmoja, karatasi zimeshonwa pamoja. Tulivyowarudishia maneno yao wenyewe wakalipa saruji, unga na sukari, wakakata ekses yao asilimia 10, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Naelewa kwamba nyumba ikishashika moto huwezi kukimbilia kukata bima, hiyo ni haki yao. Ila ufa uliozibwa sio ukuta ulioanguka, ungeweza kusimama miaka na miaka. Na wakala angeuandika wangenitoza zaidi, au wangeniambia jenga msingi kwanza ndo tukupe kava, na ningejenga, hela ya msingi haikunishinda. Hilo ndo linaniuma kuliko hata ukuta.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kusini, hasa nyie wenye maghala ya korosho na stoo za zamani, ukiletewa mkataba tafuta ile sehemu ya vitu wasivyolipa, uone wameandika hasara au wameandika chanzo. Ni neno moja ila ndo lililonilia ukuta. Kama jengo lina kasoro ijazwe kwenye fomu mbele ya macho yako, upige picha zenye tarehe, na nakala ubaki nayo.

Asesa nampa nyota 4, malipo ya mali 3 kwa kuchelewa, wakala 1. Ya ukuta nimepeleka malalamiko TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wakishindwa nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Saa hizi stoo nimeifunga turubai na mvua bado zipo.